Mafuta ya Kivumbasi

Mchwa walianza na daftari la madeni.
Mama alilifungua asubuhi ya mnada
likamwagika mapajani kama pumba:
Ngolo, chupa mbili. Bahebe, chupa saba.
Majina yameliwa tumbo, tarakimu zimebaki mikia.
Kazi aliiacha zamani; madeni hakuyaacha.
Usiku ule wadaiwa wa Igombe nzima
walilala usingizi wasiojua umetoka wapi.

Kisha wakapanda ukutani,
wakijenga barabara ya udongo, nyembamba, yenye paa,
maana mchwa hatembei juani,
hadi kwenye mbao za baba,
mbao sita za mpaina, za mtumbwi
ambao hakuwahi kuupiga msumari wa kwanza.
Nne ukizigonga zilijibu kama debe tupu.
Mbili bado zilikuwa na uzito.

Duka la pembejeo walimtajia dawa ya kopo jekundu.
Akauliza bei. Akauliza kuku wake watadonoa wapi.
Akarudi na chumvi tu.

Jioni akafukua jalala nyuma ya choo,
akatoa bomba la shaba,
lile ambalo mgambo hawakulipata mwaka ule,
lililolia matone ya gongo mimi nikiwa mgongoni.
Akalisugua kwa majivu, akalipuliza.
Likapiga mluzi ule ule.
"Mama, wewe umeokoka," nikamwambia.
"Mimi ndiyo. Bomba bado.
Leo tunalibatiza."

Tukachuma kivumbasi njia nzima ya ziwani,
mafurushi matatu, na mchaichai wa kwa Nyamkungu,
tukashindilia ndani ya pipa,
tukaziba mdomo wake kwa udongo wa kichuguu,
udongo wa mchwa wenyewe,
hakuna unaoziba kama huo.
Bomba likapita ndani ya beseni la maji ya ziwa.

Tone.

Tone.

Balozi wa nyumba kumi akaja akiongozwa na pua,
akachovya kidole, akalamba, akakunja uso.
"Hii inamlewesha nani?"
"Mchwa," mama akasema. "Wakianza kuimba nitakuita."

Pipa zima, kuni za kutwa,
na juu ya maji ukaelea utando wa njano
tuliounyonya kwa sindano ya zahanati.
Haukujaza kichupa cha dawa ya macho.

Akapaka kwa unyoya wa kuku.
Mchwa wa kwanza akafika kwenye mstari,
akainua kichwa kisicho na macho,
akageuka,
na nyuma yake msafara mzima ukageuka.
Nikamsikia mama akicheka, mara ya kwanza tangu matanga.

Sitadanganya kwamba walikufa. Walihama.
Wiki ya tatu Nyamkungu akalalamikia kabati lake,
nasi tukampelekea kichupa, tukiangalia pembeni.
Tena harufu huchoka:
jua huinywa, upepo wa ziwani huikopa na haulipi.
Kila mwezi mama hurudia,
ubao wa kwanza, ubao wa pili,
polepole, kwenye nyufa, chini ya kingo,
kama anayempaka mgonjwa asiyeweza kujigeuza.
Simuulizi mbao mbili zitajenga mtumbwi gani.

Mvua za vuli zikaja, kichuguu kikafunguka.
Kumbikumbi wakaifuata taa ya karabai,
wakatumbukia kwenye beseni lile lile,
mabawa yakabaki yakielea kama maganda ya vitunguu.
Tukawakaanga bila kutia kitu.
Hawa huja na mafuta yao.

Mama akanusa kikaango,
akanusa kiganja chake ambacho kivumbasi hakitoki tena,
akatia mdomoni, akatafuna kwa makini,
macho ameyafumba kama mtu anayepiga hesabu.

"Huyu," akasema, "ni zile chupa saba za Bahebe."